Nilimpeleka mama bistro ya katikati ya mji Moshi: kari tamu, baga hapana, na hiyo kahawa ndo imenifanya niandike

Jamani nimerudi Dar jana usiku na kabla sijasahau acha niandike, maana watu wengi huwa wanauliza ukiwa Moshi mjini na unataka kula kitu tofauti na kuku chipsi au kitimoto unaenda wapi, na mimi kila mwaka nikipanda nyumbani naulizwa hilo swali na mashemeji na sina jibu. Safari hii ninalo.

Ni bistro moja ipo katikati kabisa ya mji, ukitoka Mnara wa Saa ni dakika chache tu kwa mguu, nyumba ya zamani yenye kibaraza na meza za mbao, haina makuu, hakuna vitambaa vyeupe mezani, unaingia na kandambili zako unakaa na hakuna anayekutazama miguu. Jina siliweki kwa sababu nina malalamiko yangu humu na nimeshamwambia msimamizi uso kwa uso, hilo linatosha. Halafu mengi nitakayosema yatakufaa hata ukiingia sehemu nyingine ya aina hiyo, siku hizi zipo kadhaa Moshi na Arusha ndo usiseme. Menyu yao ni dunia nzima, piza na pasta za Italia, kari ya Thailand, kuku wa Kihindi wa sosi ya siagi, taco za Mexico, baga ya Marekani, na saladi kama sita hivi. Kwa kawaida menyu ndefu namna hiyo hunitia wasiwasi, jiko moja likipika vya nchi tano ujue kuna kimoja kinatoka kwenye friza.

Tulikuwa wanne, mimi, mdogo wangu wa kiume, binti yangu wa miaka saba, na mama. Na mama ndo sababu ya safari yote. Mama ni mkulima wa Kilema, migomba na kahawa, na hiyo barabara ameipita maisha yake yote akishuka mjini, anaenda Mbuyuni sokoni, anaenda Mawenzi kuona mgonjwa, anaenda benki, anarudi stendi anapanda gari anapanda mlima. Hajawahi kukaa kwenye kiti cha sehemu kama ile hata siku moja. Kila nikimwambia tuingie anasema pale ni pa wazungu wa mlima, wale wanaoshuka Kibo na vumbi lao wanataka bia na baga. Mwezi huu wa nane nikasema hapana, mwaka huu anaingia.

Tumefika mlangoni mama kashika kikapu chake cha parachichi alizokuwa anampelekea shangazi, na mimi moyoni nina wasiwasi, si kwa ajili ya chakula, wasiwasi wa jinsi watakavyompokea. Wenzangu mnajua ninachosema. Kuna sehemu ukiingia na mzazi wako amevaa kitenge na kandambili za tope la shambani mhudumu anakuangalia kama umepotea njia, na mgeni akiingia nyuma yako anakimbiliwa na menyu mkononi. Hapa yule dada alikuja mbio, akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama, karibu sana," akapokea kikapu kwa mikono miwili akauliza kikae karibu na miguu yako au nikuwekee ndani pasipo na jua. Mama akaitikia marahaba mwanangu, akakaa. Nikashusha pumzi. Kuna ngazi tatu za kuingilia na hazina pa kushika, magoti ya mama yalizisikia, hilo niliwaambia na naliandika tena hapa, wekeni bomba la kushikilia jamani, wazee nao wana hela.

Menyu yote ni Kiingereza tupu, hili nalo sikulipenda, mji ni wa kwetu. Ila yule dada alikaa pembeni ya mama akamsomea moja moja kwa Kiswahili na kumweleza kila kitu kina nini ndani, hakuchoka, hata mama alipouliza mara ya tatu taco ni nini. Bei zote ni za shilingi, safi kabisa, maana zamani sehemu kama hizi bei iliandikwa kwa dola unapigiwa hesabu kichwani na yeyote aliyeko kaunta, tangu kanuni zilizotoka Machi 2025 kukataza bei za humu nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni mambo yamenyooka.

Sasa chakula.

Tulianza na supu ya maboga, bakuli moja tukagawana. Mama kaonja kijiko cha kwanza akasema "hii ni mtori wa maboga," na kweli, ilikuwa nzito kama ile supu yetu ya ndizi, laini, ina tangawizi kwa mbali, tangawizi kali ile ya Same. Mkate wao wanaoka wenyewe, ulikuja wa moto, binti kala vipande vitatu nikamzuia maana nilijua piza inakuja.

Mimi niliagiza kari ya Kithai ya kijani ya kuku, na nataka niikalie hapa kidogo kwa sababu nimeshaila Dar sehemu tatu tofauti na hii imezipita zote. Ukijani wa hiyo kari ni pilipili mbichi, zinatwangwa na mchaichai na vitunguu saumu na kotimiri mpaka iwe rojo, afu siri yenyewe ni tui, tui zito linapigwa moto kwanza peke yake mpaka litoe mafuta, hapo ndo unatupia ile rojo ikaangike ndani ya hayo mafuta ya nazi. Ukiwahi kumwaga kila kitu kwa pamoja na maji unapata mchuzi wa nazi wa kawaida uliopakwa rangi, na ndo wengi wanachokuuzia. Hii ilikuwa na mafuta ya kijani yanaelea juu, yaani unayaona kabisa, nikajua jikoni kuna mtu. Na ukifikiria vizuri karibu vitu vyote vya kari hiyo tunavyo hapa hapa, mchaichai kila nyumba unao pembeni ya bomba, nazi zinapanda kutoka Tanga, mrehani unaota wenyewe, kuku alikuwa wa kienyeji kwa sababu alikuwa na kazi kidogo kumtafuna na ladha yake ilikuwa ya kuku kweli. Wali nikauliza wa wapi wakasema wa Mabogini, hapo chini tu kwenye skimu ya umwagiliaji. Kwa hiyo ni chakula cha Thailand lakini vitu vyake ni vya hapa hapa nchini, na ndo maana kilikuwa kitamu hivo. Mdogo wangu alikuwa anachovya mkate kwenye sahani yangu mpaka nikamsogezea yote.

Na alikuwa na sababu ya kuchovya maana baga yake ilikuwa mbaya. Sitaizungusha. Nyama kavu, imebanwa sana, imeiva mpaka imekuwa ngumu kama kisigino cha mkate. Nyama ya ng'ombe wetu wa malishoni haina mafuta mengi, ni nzuri kwa kuchemsha, nzuri kwa mtori, lakini ukiisaga hivo hivo ukaiweka kwenye chuma cha moto inakauka, baga inataka mafuta kama sehemu moja kwa kila tano za nyama, usipokuwa nayo ongezea ya kifuani au usiuze baga. Chipsi zake zilikuwa nzuri, viazi vya kumenywa siku hiyo hiyo, lakini kwa elfu 23 mtu hanunui chipsi. Tulimwambia dada, mpishi akatoka mwenyewe, kijana tu, akasikiliza, akasema anachukua nyama iliyokwisha kusagwa buchani ndo shida na atajaribu kusaga mwenyewe. Alitaka kumpikia nyingine, mdogo wangu akakataa kwa sababu ya muda. Nampa heshima kwa kutoka jikoni, ila bei ilibaki pale pale na hapo nilitegemea wapunguze hata kidogo.

Piza ya binti ilikuwa ya nyanya na jibini tu, ile margherita, tanuri la kuni, pembeni imevimba na madoa meusi meusi kama inavyotakiwa. Kaimaliza. Mwenye watoto aagize hiyo asihangaike.

Mama aliagiza sato wa kuchoma na viazi vya kuponda na sosi ya siagi na limao. Akaletewa mnofu, umepangwa vizuri, mama akageuza sahani huku na huku. "Kichwa kiko wapi?" Dada akamweleza kwamba wanatoa mnofu tu, kichwa na mifupa wanachemshia supu. Mama akasema basi mniletee hiyo supu. Na wakaleta! Bakuli dogo, bure, na kipande cha kichwa ndani, na mama alikula hicho kwanza kabla ya mnofu. Sijui ni mgahawa gani mwingine ungefanya hivyo bila kukunja uso. Samaki mwenyewe alikuwa amepikwa sawa, hajakauka, sosi ilikuwa na limao la kutosha, viazi mama alisema vimekosa chumvi na alikuwa na haki.

Kitu kimoja kilichoniuma kwenye menyu, nchi zote hizo zipo na hakuna hata sahani moja ya Kilimanjaro. Hakuna mtori, hakuna machalari, kiburu ndo kabisa. Nilimuuliza msimamizi akasema wageni hawaulizi. Dada yangu, mgeni atauliza vipi kitu asichokijua? Katoka nchi ya mbali kupanda mlima wa mita 5,895, siku sita njiani anakula alichopikiwa na wapagazi, anashuka anakuta baga. Mpe mtori wa ndizi mchare na nyama ya mfupa kwenye bakuli zuri uone kama hataagiza la pili. Na kama hoja ni kwamba menyu lazima iwe ya kimataifa basi ndizi yenyewe asili yake ni Asia, parachichi la kwenye kikapu cha mama asili yake Mexico, hii mimea yote ilisafiri mpaka ikafika kihambani, shamba la nyumbani la Mchaga, na sisi tukaipika kwa namna yetu. Ina haki ya kukaa pale kuliko hata taco. Akasema ataongea na mwenye mgahawa, nami nitakwenda kuangalia.

Kuhusu kusubiri, dakika 50 kutoka supu mpaka sahani kubwa kufika. Ni nyingi. Kulikuwa na kundi kubwa limeshuka mlimani na jiko lilizidiwa, ila wangetuambia mapema tungeagiza kitu cha kumegamega. Muziki ulikuwa wa chini, watu wanaongea wanasikilizana, hilo nililipenda mno. Choo kisafi, kina maji na sabuni.

Haya, kahawa.

Mama amelima kahawa tangu akiwa msichana. Kilema ndo pale wamisionari Wakatoliki walipopanda mibuni mwaka 1898, kahawa ya mlima mzima ikaanzia huko, na babu yangu alikuwa mwanachama wa KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, enzi zile kahawa ndo ilikuwa ada ya shule na mabati na mahari. Mama amechuma, amemenya kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, amelowesha, ameosha, ameanika kwenye chekeche, amekimbia kuianua mvua ikinyesha, amebeba maganda, yaani buni kavu ambayo haijakobolewa, yakaenda chama cha msingi na kutoka hapo yakashuka mjini kukobolewa na kuuzwa mnadani. Miaka hamsini na zaidi. Na nyumbani kwetu tunakunywa chai. Kahawa aliyowahi kunywa mama ni ya unga ya kopo, ile ya kukorogea kwenye maji ya moto, na hiyo ndo unayopewa kwenye hoteli nyingi tu za mji huu, mji wenye mnada wa kahawa, unaletewa chupa ya maji ya moto na kikopo. Mimi hilo limekuwa likinikera miaka mingi na sijui kwa nini watu hawalisemi.

Hapa wana kaunta ya kahawa na kijana wake. Nikamwagizia mama ile ya birika la kioo la kubonyeza, siyo ya mashine, maana espreso ingemshtua. Yule kijana kaja mezani mwenyewe, kasaga buni pale pale mbele yetu, harufu ikapanda, mama akainua uso. Alipomiminiwa akanyoosha mkono kwenye sukari, kijana akasema "mama naomba uonje kwanza bila sukari, ikikushinda nakuletea maziwa na sukari zote." Mama kaonja. Kanyamaza. Kaonja tena.

"Mbona ina utamu wa ganda?"

Waliokulia kihambani mnajua, ile buni mbivu nyekundu ukiwa mtoto unaitia mdomoni unafyonza ule utelezi mtamu wenye uchachu kwa mbali, halafu unatema punje. Huo utamu mama aliujua tangu utotoni, hakujua kwamba unafika mpaka kwenye kikombe. Kijana macho yakamtoka, akasema mama wewe umepatia kuliko wateja wangu wote, akaeleza kwamba hawaikaangi mpaka iwe nyeusi, wanaishia kwenye rangi ya mdalasini iliyokolea kidogo ili ladha ya tunda isiungue, na kwamba wanainunua kutoka AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, ya upande wa Marangu. Wakaanza kuongea wao wawili, sisi wengine tukawa watazamaji, mama anamuuliza mnalowesha siku ngapi, mnaanika kivulini au juani, hii ni miti ya zamani au ile mipya inayovumilia ugonjwa wa chulebuni, na yeye kijana anachukua simu yake anaandika majibu ya mama. Nilikuwa nakunywa kapuchino yangu, ilikuwa nzuri, sikuisikia vizuri kwa kweli.

Afu mama akauliza, kikombe hiki kinaingia buni kiasi gani? Kijana akasema gramu 18. Na kinauzwa? Elfu saba. Mama hana kikokotoo, alihesabu kwa vidole juu ya meza, kilo moja inatoa vikombe 55, hiyo ni shilingi 385,000. Akarudia hesabu. Kijana hakujitetea vibaya, akasema kilo ya maganda ikikobolewa inapungua, ikikaangwa inapungua tena, na hapo kuna kodi ya pango na umeme na mshahara wake, na yote ni kweli. Mama akasema naelewa mwanangu, kazi yako nimeiona. Kisha akasema "lakini huko juu waambie waongeze bei ya maganda, na waje waniulize mimi yanatoka wapi," akamalizia kikombe mpaka masimbi. Akamwambia aika, asante kwa Kichaga. Yule kijana kumbe wa Kibosho, akajibu aika mae.

Bili ilikuja 147,000, nikaipitia, wameandika juisi tatu na tulikunywa mbili, wakarekebisha hapo hapo bila maneno ikawa 141,000 kwa watu wanne na VAT ndani yake, risiti ya EFD nikapewa bila kuomba. Kwa mchanganuo, kari 25,000, samaki 26,000, baga 23,000, piza 20,000, supu 10,000, juisi mbili 12,000, maji 3,000, kahawa zote 13,000, na kipande cha keki ya karoti 9,000 ambacho hakikuwa na maajabu. Ni hela, sisemi ni rahisi, kwa hela hiyo Mbuyuni unajaza kapu. Ila kwa mchana mzima wa kukaa na mzazi sijajutia hata mia. Malipo lipa namba wanayo na kadi wanapokea.

Ukienda, nenda kabla ya saa sita na nusu mchana, kundi la mlimani likifika utasubiri. Kaa kibarazani upande wa kulia kuna kivuli. Agiza kari au piza, samaki omba na kichwa, baga waache mpaka yule kijana aanze kusaga nyama mwenyewe. Kahawa kunywa ya birika na usianze na sukari. Na kama unampeleka mzazi mwambie dada mapema amsomee menyu, atafanya kwa moyo. Desemba sishauri bila kuweka meza kwanza, nyie wenyewe mnajua tukishapanda wote mji unakuwaje, mama keshaniambia tarehe 27 anataka kurudi na shangazi zangu wawili, na kahawa yake atakuja nayo kwenye kikapu, nusu kilo, ameshaikoboa kwa kinu, anataka yule kijana aikaange aionje.